Moshi Ulionitangulia

Nasinzia kwenye benchi la hospitali, mimba imekuwa kubwa, kifua kinakoroma, namsubiri daktari anieleze kwa nini mimi, nisiyewahi kuvuta sigara, nina mapafu ya kizee. Mara natembea barabara nyeupe isiyo na mwisho, vumbi lake ni chokaa, nyumba zake zote ni vioo, na katika kila kioo yumo mwanamke anayekohoa. Mbele yangu anakwenda mtu asiye na uso. Namuuliza, bwana, mji huu wa nani? Wako, anasema, ila ulijengwa hujazaliwa. Ananiingiza nyumba yenye taa nyingi, zote zimegubikwa masizi. Zimeharibika, nasema. Anajibu, nzima hizo; moshi hauvunji taa, unaifunika, na aliyefunikiwa taa zake huweza kumrithisha mwanawe giza. Nafuta masizi kwa kanga, kwa mate, kwa kucha. Hayatoki.

Barabara inajikunja na kunitupa kwenye tanuu la chokaa la kwetu, na pale yupo mama yangu Mishi, mdogo kuliko mimi, anachochea magogo huku moshi umemvaa. Ana mimba; aliyemo tumboni ni mimi. Napiga kelele, mama, toka hapo! Ananitazama bila kunijua. Nikitoka nitakula nini, dada yangu? Na huyu niliyembeba atakula nini? Namvuta mkono, unanimomonyokea kama jivu. Anakohoa, nami nabanwa kifua palepale. Namgeukia kiongozi wangu asiye na uso, na huyu wangu je, atazaliwa na taa zipi? Anasema, iulize pumzi unayoivuta sasa. Basi naizuia, nisimpe mwanangu moshi, naizuia mpaka macho yananitoka, mpaka mtoto anarusha mateke kutaka hewa, na hewa iliyopo ni ileile. Navuta.

Amka, bi Mkasi, daktari ananitikisa bega. Huenda moshi aliovuta mama yako ulizima baadhi ya jeni zako wewe ukiwa bado tumboni mwake, anasema. Jeni zenyewe nzima, lakini namna ya kuziwasha hatujaijua. Tutakusaidia kupumua, basi. Namuuliza, na mtoto? Midomo yake inafunguka, sisikii neno. Nauliza tena, kwa sauti ya juu, na kwenye korido nzima hakuna hata mmoja anayegeuka, kana kwamba mimi ndiye ninayeotwa.