Mkono Juu ya Tumbo

Hospitali ile ilikuwa na sheria moja iliyozipita zote: Daktari Mkuu akiingia wodi ya wazazi, wanafunzi wawe wamejipanga kitanda cha kwanza, kule mwisho wa wodi, makoti yamefungwa vifungo, mikono nyuma. Glovu ziishe, dawa ziishe, maji yakatike wiki nzima, hakuna wa kushtuka. Lakini raundi ichelewe? Thubutu!

Asubuhi hiyo Kasuku, mwanafunzi wa udaktari aliyebandikwa jina hilo kwa kukariri vitabu neno kwa neno, alikuwa kitanda cha mlangoni, mkono umezama kwenye tumbo la mama aliyetoka kujifungua. Kizazi kilikuwa kimelegea na damu inatoka. Mkunga alimwonyesha namna ya kukisugua kwa nguvu mpaka kikaze, kisha akatimua mbio kusaka sindano ya kukibana, maana kabati la wodi lilikuwa tupu. La ghorofa ya juu, kwa wanaolipa, lilijaa siku zote.

"Usitoe mkono," mkunga alimwambia akitoka. "Hata paa lianguke."

"Unaniumiza, dokta," mama alilalamika.

"Nivumilie, dada. Kikilegea tu, damu inarudi."

"Basi umiza. Nina wengine wawili nyumbani, na baba yao hata maji ya chai anayaunguza." Akacheka, midomo imepauka.

Kizazi kilianza kukaza chini ya kiganja, kigumu kama ngumi. Ndipo viatu vikasikika koridoni.

"Kasuku! Njoo upesi!" mwenzake alimnong'oneza.

"Siwezi. Huyu atatoka damu."

Daktari Mkuu alikuwa ameshaingia. Hakupandisha sauti, hakuwahi kuhitaji. "Binti, hiyo ni kazi ya wakunga. Anayetaka kurudia mwaka abaki hapo hapo."

Kurudia mwaka! Na kwao mtaa mzima ulishaanza kumwita daktari. Kasuku aliutazama mlango. Mkunga hajarudi. Akauchukua mkono wa mama mwenyewe, akauweka pale pale.

"Sugua hapa, dada, usiache. Nakuja sasa hivi."

Akamfunika shuka safi mpaka kifuani, kwa sababu Daktari Mkuu hakupenda kuona damu kwenye raundi yake.

"Sababu kubwa ya mama kutokwa damu baada ya kujifungua?" Daktari Mkuu aliuliza kwenye kitanda cha kwanza.

Kasuku akajibu: "Kizazi kulegea."

"Cha kufanya kwanza?"

"Kukisugua bila kuacha, mpaka kikaze."

"Safi sana! Mnaona? Huyu anasoma."

Ukelele wa mkunga ulitokea mlangoni. Shuka lilikuwa jeupe juu. Chini yake godoro limeloa chapachapa, damu inadondoka sakafuni. Mkono wa mama ulikuwa bado juu ya tumbo, umetulia tuli.

"Nilikwambia nini? Nilikwambia nini wewe?"

Wakasugua, wakachoma sindano, wakaagiza damu. Alikata roho kabla damu haijaletwa.

Nje, mama mkwe wa marehemu alikuwa benchini, nguo za mtoto mapajani.

"Pole sana, mama," Daktari Mkuu alimwambia. "Tatizo lenu mnachelewa kuleta wagonjwa."

"Kuchelewa? Tumelala benchi hili hili tangu jana mchana!"

"Ndiyo hivyo, mama. Alifika amechelewa."

Maneno hayo yamewazika wanawake wengi, na waliowaua wakapandishwa vyeo.

"Hakuchelewa," Kasuku alisema. "Alikuwa anapona. Mkono wangu ndio uliokuwa umeizuia damu. Huyu akaniita kwenye raundi, nami nikautoa."

"Binti, nenda ofisini kwangu. Sasa hivi."

Hakwenda. Mama mkwe alikuwa amemkazia macho Kasuku, si Daktari Mkuu.

"Mkono upi?"

Kasuku akautoa mfukoni mwa koti, damu imekaukia kuchani, akamnyooshea.