Usingizi Uliokamatwa Getini

Tabibu alivuta pazia, akazima feni iliyokuwa ikilialia, akamwambia mgonjwa wake, mshona kola wa kiwanda cha mashati, alegeze mabega. Mama mkwe wa mgonjwa alikaa pembeni, mkoba mapajani. Alikuja kuhakikisha mkwe wake haibiwi akili.

Mshona kola alikuwa hajalala tangu mvua zilizopita. Vidonge vilimkausha mdomo tu. Juzi sindano ya cherehani ilimchoma kidole ikatokea upande wa pili, naye akaendelea kushona. Msimamizi akamwambia akichafua shati jingine kwa damu, asirudi. Nyumbani amekuwa mkali kama pilipili, hata mwanawe mdogo anamkimbia. Hilo lilimuuma kuliko sindano.

Tabibu hakutoa dawa. Kazi yake ilikuwa hipnosia: humsemesha mtu polepole, akimshusha ngazi za mawazo, mpaka mwili ulegee na akili ibaki ikisikiliza.

“Umefika chini,” alisema. “Usingizi wako uko wapi?”

“Getini, kiwandani,” mgonjwa akajibu, macho ameyafumba. “Mlinzi aliukamata.”

“Nilishasema mimi,” mama mkwe akadakia. “Lile geti halina heri.”

Kiwandani kila anayetoka hupekuliwa, asije akaondoka na uzi. Siku moja mshona kola alisinzia kidogo kwenye mashine, na jioni mlinzi akaukuta usingizi huo mfukoni mwa aproni. Umepatikana saa za kazi, akasema, basi ni mali ya kiwanda.

Tabibu alimwamsha, wakaenda wote watatu, jua bado kali. Mlinzi akafungua stoo bila ubishi. Nyuma ya mikasi na vipande vya kitambaa, usingizi wa wafanyakazi ulijaa kwenye rafu, umekunjwa vizuri, wenye joto la nguo iliyotoka kupigwa pasi.

“Chukua wako, dada. Miaka yote hii hamna aliyewahi kuja kuulizia.”

“Kila mtu anadhani anaumwa,” tabibu akasema.

“Na wako uko wapi?” mama mkwe akamuuliza mlinzi.

Mlinzi akaonyesha rafu ya juu kabisa.

“Ama kweli! Baba mzima unalinda vya watu, chako kimekushinda.” Akamwita tabibu, aliyekuwa mrefu kuliko wote, naye akaushusha, akampa mlinzi.

Mshona kola alilala siku hiyohiyo, kabla hata ya kuvua viatu.

Kiwanda hakikuacha upekuzi. Kiliongeza rafu. Wafanyakazi wamejaa kwa tabibu mpaka kwenye ngazi, na mshona kola huuacha usingizi wake nyumbani kila asubuhi. Mama mkwe anaukalia pale kitandani, akichambua mchele, na hainuki hata akibishiwa hodi.

Jioni ya kwanza baada ya kuuacha nyumbani, mlinzi alimpekua mifuko yote, hakukuta kitu.

“Pita, dada,” akasema, akipiga miayo.

Nyumbani, mtoto alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mama yake usoni, akamtazama tena, kisha akamkimbilia.