Kahawa ya Kanyere

Ézéchias wa Butembo alikuwa mtu wa neno moja, na mkewe Débora alimfunga kwa neno hilo hilo. Mzee hakuliona fundo mpaka lilipokwisha kukaza.

Neno lenyewe alilisema zamani, siku mwana wao wa kwanza alipokimbilia Beni kutafuta kazi, akaacha viazi vitamu vyake vikioza ardhini. Ézéchias alisimama mbele ya ukoo mzima na kutamka: "Mu nyumba yangu, mwenye alipanda, njo ye atavuna. Mutu hapana kuhama kwangu na mavuno yake iko ingali mu udongo!" Watu wakapiga makofi. Débora naye akaliweka moyoni, maana akiba haiozi.

Ikaja Septemba ya 1964. Binti yao Kanyere, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa ameshinda mtihani wa kwenda sekondari Lubero, msichana wa kwanza katika ukoo wao. Sanduku lilikuwa tayari. Lakini Wamulele, waasi wa vita ile, waliingia, barabara ikafungwa, shule zikafungwa, na hakuna aliyejua zitafunguliwa lini. Mtoto akabaki nyumbani, hana la kufanya.

Na binti asiye na la kufanya huonekana haraka. Shamasi Zorobabel wa kanisani kwao alifika na mbuzi mmoja wa kubisha hodi, kwa niaba ya mwanawe. Ézéchias hakuwa baba mbaya, tusimsingizie. Alikuwa na hofu. Waasi walikuwa njiani, askari walikuwa njiani, naye alifikiri binti aliyeolewa ana watu wawili wa kumlinda badala ya mmoja.

"Muzee Zorobabel, mi nakubali," alisema. "Juma ijayo tutaongea mambo ya mbuzi."

Débora alikuwa akipembua maharage. Hakuinua hata kichwa. "Mais lakini, baba Kanyere, mutoto alishapanda maharage yake kule chini. Nani atavuna?"

Zorobabel alimtazama Ézéchias, Ézéchias akatazama mbuzi.

"Donc, basi," akasema mwisho, "tungojee maharage."

Hiyo ni miezi mitatu. Débora alikwenda nyuma ya nyumba akacheka peke yake, kisha akalia kidogo, kwa sababu miezi mitatu si mwaka, na shule huenda zikafungwa mwaka mzima. Halafu akaketi kuupanga huo mwaka. Mtoto hatakaa bure hata siku moja, na udongo hautakuwa mtupu hata siku moja. Kabla zao moja halijang'olewa, jingine liwe limekwisha kuota. Na kila zao liwe na mwalimu wake.

Basi Kanyere akapelekwa Masereka kwa shangazi yake, akajifunza kuchagua mbegu ya viazi, kutambua yenye jicho hai na yenye ugonjwa. Aliporudi akapelekwa kwa mjane Kaswera, jirani mwenye kitalu cha kahawa, akajifunza kumwagilia asubuhi na kupunguza kivuli polepole. Na hesabu? Hesabu ilikuwa kwa Mukendi.

Mukendi alikuwa mwalimu aliyetumwa Butembo kutoka Kasai. Waasi waliwatafuta walimu na makarani, na lafudhi yake ingemfichua mara tu afungue kinywa. Débora alimvika suruali kuukuu, akampa jembe na kumwambia awe bubu. Mtu aliyezoea kusema toka saa moja asubuhi mpaka mchana, leo akipita mgeni anaitikia kwa kichwa tu! Viganja vilimvimba, matuta yake yalipinda. Lakini njia ikiwa tupu, alichuchumaa kati ya maharage na kumfundisha Kanyere sehemu, pembe na Kifaransa, kwa sauti ya chini, akiandika udongoni kwa kijiti.

Desemba maharage yakavunwa. Zorobabel akaja na mbuzi wake. Kumbe viazi vina mwezi mzima ardhini.

"Viazi tena?" aliuliza.

"Mi nilisema neno yangu mbele ya watu," Ézéchias alijibu, akijikuna shingo. Zorobabel akarudi na mbuzi wake, ambaye sasa alikuwa anaijua njia.

Machi, juma moja kabla ya viazi kung'olewa, Ézéchias aliteremka shambani akamkuta binti yake katikati ya mashimo. Mashimo mengi, yamenyooka kama mishono ya cherehani. Na katika kila shimo, mche.

Aliujua mche huo. Alisimama akahesabu kwa vidole, kimoja, viwili, vitatu.

"Kahawa!" alinguruma. "Miaka tatu mbele ya kuzaa! Mama Kanyere! Unanifunga na kinywa yangu mwenyewe?"

Débora alikuja akipangusa mikono. Hapo ndipo mwaka wote wa mtoto uliponing'inia, nasema kweli. Lakini hakudanganya.

"Eh, ndiyo, nakufunga. Mutoto yetu alishinda mutihani. Miye sitaki vita imunyanganye ile. Ukitaka kungoa, ungoe na mukono yako."

Ézéchias aliinama, akashika mche wa kwanza. Débora akafumba macho.

"Papa," Kanyere alisema kwa adabu, "huo uko nje ya mustari kidogo. Ni mwalimu njo aliupanda. Ingine yote nilipima miye mwenyewe."

Akamweleza. Hatua mbili na nusu kati ya mche na mche, kamba yenye mafundo ili pembe isidanganye, migomba upande wa jua kali, mfereji wa maji kwa kuwa mteremko ule huwa unabomoka. Alisema bila kusitasita, kama mtu aliye kwake. Ézéchias alisikiliza, mkono bado kwenye mche. Alikuwa amelima miaka thelathini, na mfereji huo hakuwahi kuufikiria.

Akashindilia udongo pale chini ya mche, akarudi nyumbani.

Zorobabel alipokuja mara ya tatu, Débora hakupata hata nafasi ya kufungua kinywa. "Kahawa ya mutoto haijazaa bado," Ézéchias alimwambia, kifua mbele. "Na masomo si kuhama. Mwanafunzi anarudiaka ku likizo, anaangalia shamba yake. Mupeleke mbuzi kwingine, muzee."

Septemba ya 1965, waasi wakiwa wamefukuzwa, shule zikafunguliwa, na Kanyere akaenda Lubero. Mukendi alirudishiwa sauti yake, akaitumia kupita kiasi. Aliyepalilia kahawa ni Ézéchias mwenyewe.

Mwaka wa 1968, katika likizo kubwa, Kanyere alivuna kahawa yake ya kwanza, na baba yake akamshikia kikapu. Zao limekwisha kuvunwa. Sasa hapakuwa na fundo lolote la kumzuia mzee asimwoze, na Débora alilijua hilo siku nzima.

Asubuhi ya safari ya kurudi Lubero kwa lori, Ézéchias alikuwa mbele ya nyumba kabla ya wote, na jembe begani. Mkononi alikuwa na mche mmoja mchanga wa kahawa. Akampa binti yake.

"Panda hii mbele ya kwenda, mama," alisema. "Uipande mbio, camion inangoja."