Ijumaa Dalali Hauzi

Barua pepe iliingia Jumamosi asubuhi, na nyumba ya Bi Israa pale Langoni, Lamu, ilikuwa imejaa hata viatu mlangoni havijulikani ni vya nani. Wanawake walikuja kukunja sambusa za harusi ya jirani. Wengine walikuja kwa sambusa, wengine kwa habari. Saadiya, binti wa nyumba, alikuwa mkekani na kompyuta mapajani. Jinsi uso wake ulivyobadilika, hakuna aliyekosa kuuona.

"Ni mchumba?" akauliza Bi Amini, jirani ambaye katika kila nyumba alikuwa na sikio lake.

"Laiti! Ni kampuni ya mchezo. Wamefunga akaunti zetu zote."

Dalali, programu waliyoitumia wote, ilikuwa kazi ya mikono ya Saadiya. Vijana wa mjini, na watu wazima wanaojifanya vijana, walikuwa wakicheza mchezo mmoja wa vita mtandaoni, na walichokipata humo, panga la moto, deraya, farasi mwenye mabawa, wakiwauzia wachezaji wa nchi za mbali kwenye soko la mchezo huohuo. Kazi yenyewe ilichosha: fungua ukurasa, tazama wenzako wanataka bei gani, weka bidhaa, mjibu mnunuzi, mkabidhi, anza tena, mpaka kidole kife ganzi. Saadiya alikaa wiki tatu na kakake Kamaludin na wenzake, hasemi neno, anaandika tu wanabonyeza wapi na wanakosea wapi. Kisha akatengeneza programu ya kuwafanyia yote hayo, akaiita Dalali. Kitu kimoja tu hakuiachia: kabla bidhaa haijaondoka, Dalali humwuliza mwenyewe, "Niuze?" Maana alimwona Kamaludin kwa mato yake akiuza farasi mwenye mabawa kwa bei ya punda, kisa usingizi.

Kampuni haikukataza programu za namna hiyo, mradi kila akaunti iwe na mtu wake. Na hapo ndipo penye kesi. Barua, iliyotumwa kwa Saadiya kama mwenye programu, ilisema akaunti kumi na nne za mji mmoja hunyamaza kila Ijumaa saa sita na nusu, sekunde ileile, na kuamka saa saba na nusu, sekunde ileile. Wanadamu hawaendi hivyo. Huyu ni mtu mmoja mwenye akaunti bandia. Ajieleze leo saa tisa kwa simu ya video, au zote zifutwe na vyote vilivyomo.

Mstari wa programu ulioleta ukimya huo wa Ijumaa Saadiya aliuandika mwenyewe. Ijumaa moja simu ya Bakr, mmoja wa wachezaji, ilipiga kelele "Niuze?" katikati ya hotuba, msikiti mzima ukageuka, na imamu akanyamaza kumngoja ajibu. Tangu siku ile Saadiya akaamuru Dalali anyamaze Ijumaa, kwa wote, mara moja. Hakuwaza kwamba kuna mtu duniani atakayeona ajabu. Lamu hii, nani anauza kitu saa hiyo?

Kufika adhuhuri uvumi ulikuwa umekwenda hadi kijiji cha Matondoni na kurudi, tena umenenepa: Saadiya amewaibia watu.

Ronald, mwalimu wa hesabu kutoka bara, akaingia bila kubisha. Deraya yake ilimchukua miaka miwili kuipata.

"Saadiya, futa huo mstari. Kila mtu mpe saa yake ya kupumzika. Wakiuliza, sema ni mtandao ulipotea. Kenya nzima itakuamini."

"Niseme uongo kwa sababu watu wangu wanaswali?"

"Hawa hawaelewi mambo ya kuswali."

"Basi wataelewa leo."

"Na mimi Mkristo, nitasemaje?"

"Wewe Ijumaa saa hiyo huwa wapi, mwalimu?"

Ronald akajikuna kichwa. "Kwa Bi Amini. Nakula pilau."

Nyumba ikaangua kicheko. Saadiya hakucheka. Akamgeukia mamake.

"Mama, naomba nyumba saa tisa. Wamesema watu kumi na wanne ni mimi peke yangu. Nataka wawaone."

"Nyumba ipo," akasema Bi Israa. "Ila ukiita kumi na wanne, hapa watakuja arubaini. Ndia yenyewe haitapitika."

Ikawa hivyo. Saa tisa ilipogonga watu walikuwa hadi kwenye ngazi, na kwenye skrini akatokea mwanamke mwenye vipokea sauti kichwani. Kampuni ni ya ng'ambo, lakini malalamiko yake hupokewa Nairobi.

"Naitwa Cherono. Nataka tu kuongea na mwenye hizi akaunti."

"Mwenye hizo akaunti hayupo, dada Cherono. Wapo wenyewe. Una nafasi?"

Wakaanza kupita mmoja mmoja, kitambulisho mkononi. Fadhil mchoma mishikaki akajitaja kuwa ndiye Simba wa Vita. Nerea, muuguzi, akaja na sare yake ya kazi. Obeid alitoka Kizingitini kwa boti, angali ameloa. Bakr akasimulia habari ya hotuba, na Cherono akafunika mdomo kwa kiganja. Ronald naye akasema ukweli wake, pilau na yote.

"Hao ni kumi na watatu," akasema Cherono. "Kuna mmoja anaitwa Malkia wa Damu. Huyo yuko wapi?"

Saadiya akamtazama Kamaludin, Kamaludin akatazama dari. Programu ilikuwa imepita mkono kwa mkono, na Saadiya hakujua tena wote walio nayo. Huyo hakuna aliyemjua. Akikosekana mmoja tu, yeye ni mwizi mbele ya nti nzima.

Bi Amini akapangusa unga mikononi, akajitengeneza leso, akainuka.

"Ni mimi. Na nyinyi fungeni midomo, mwaingiza nzi."

"Wewe?" Ronald akapiga ukelele. "Wewe ndiye uliyenichomea kijiji changu mchezoni?"

"Ulikiacha wazi, mwanangu."

Ilimchukua Cherono muda kusikika juu ya kelele zilizozuka hapo, maana naye alikuwa akicheka. "Aki nyinyi! Sawa, nazifungua zote. Lakini Saadiya, hiyo ya Ijumaa itoe, au uchanganye saa. System itawashika tena."

Hapo angeweza kusema ndiyo. Kamaludin alimkonyeza aseme ndiyo.

"Haitoki," akasema Saadiya. "Tumejificha wapi mpaka nichanganye saa? Andika kwenye faili letu: Ijumaa saa hiyo Lamu haiuzi. Mashine yenu ikishangaa, ifundisheni."

"Wakubwa wangu watauliza."

"Wape namba yangu."

Cherono akaandika.

Akaunti ziliporudi, Ronald alikuwa bado anakumbatia simu yake kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. "Na wakifunga tena?"

"Tutawaita tena. Safari hiyo na watu wa kijiji cha Mbwajumali, kisiwa cha pili." Saadiya akaufungua ule mstari. Hakuufuta. Akauacha ndani ya programu ufanye kazi yake, akauandika pia mbele kabisa kwenye ukurasa wa kila muuzaji, mahali ambapo mnunuzi wa nchi yoyote atausoma kabla ya kitu kingine: Ijumaa, saa sita na nusu hadi saa saba na nusu, tumefunga. Akayakuza maandishi mara mbili, akabonyeza.