Dole Gumba kwenye Chupa ya Asali

Siku ile mjinga alikuwa Mwalimu Brighton mwenyewe, ingawa alichukua siku tatu kulikubali hilo.

Ilianza vizuri. Jumatano, kipindi cha baiolojia, kidato cha pili, shule moja ya kata nje kidogo ya mji wa Kibondo. Brighton, aliyepangiwa kazi huku kutoka Moshi, mtu asiyeweza kupita mahali bila kumtania mtu, aliingia darasani ameshika kichwa.

"Jamani, nimeibiwa! Asali yangu imelambwa!"

Darasa likaangua kicheko. Chupa ikatolewa nyuma ya kabati, nusu tupu, na wanafunzi wakaambiwa leo wao ni wapelelezi: wamsake mwizi kwa alama za vidole. Siri aliijua yeye na mwanafunzi mmoja tu, Salumu. Salumu ndiye aliyeteuliwa kuwa mwizi. Asubuhi alikuwa ameikamata ile chupa kwa mkono wote, akaapa kunyamaza.

Wakachapa kazi. Masizi ya sufuria yaliyosagwa yakapakwa kwenye chupa kwa brashi ya poda iliyoazimwa kwa Madamu Zuhra, selotepu ikabandikwa, ikabanduliwa: alama moja safi ya dole gumba. Kisha wino wa muhuri ukapitishwa dawati kwa dawati, kila mtu akaweka dole kwenye karatasi yenye jina lake.

Ulipofika kwa Odilia, ukakwama.

"Mimi sitaweka, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Nyumbani wamekataza."

"Wamekukataza wino au wamekukataza asali?"

Watu wakavunjika mbavu. Odilia akaficha mkono kwapani, akainamia dawati.

Karatasi arobaini na moja zikalinganishwa na ile alama. Hakuna iliyofanana, hata ya Salumu. Brighton akadhani watoto wameangalia vibaya.

"Basi kabaki mmoja!" Firdausi wa dawati la mbele akaruka juu. "Ni Odilia!"

Brighton alijua siye. Alijua kama anavyolijua jina lake. Lakini utani ulikuwa umekolea, kengele inakaribia kulia, naye akamwelekezea Odilia chaki: "Mtuhumiwa amepatikana! Sheria ichukue mkondo wake!" Ukweli angeusema kipindi kijacho. Kipindi kijacho kilikuwa Ijumaa.

Ijumaa dawati la Odilia lilikuwa tupu. Ubaoni mtu alikuwa amechora nyuki aliyevaa sketi.

"Jana pia hakuja," Firdausi akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Walimwimbia 'mlamba asali' mpaka sokoni."

Brighton akafuta yule nyuki kwa kiganja. Ukweli akauahirisha tena, akafundisha mmeng'enyo wa chakula kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Alipotoka, Salumu akamkimbilia.

"Mwalimu, mbona chupa haikunikamata? Mimi nilishika kweli."

Hapo ndipo shaka ilipomwingia. Alikwenda ofisini, akachovya dole lake mwenyewe kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi na kuiweka kando ya ile selotepu. Mstari kwa mstari, hadi kovu la panga la utotoni. Akakumbuka: Jumatano, kabla ya kipindi, alikuta sisimizi kwenye chupa. Akaipangusa yote kwa leso, pamoja na alama za Salumu, na kwa ulafi wake akaishika tena, akaonja kidogo.

Siku hiyo hakula mchana.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa kina Odilia. Mama yake alikuwa uani anapepeta maharage.

"Mwakeye, mwalimu," alisalimia bila kuacha ungo. "Kiti hicho hapo."

Brighton akaeleza yote, hata kuonja. Mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Kasulu tulikuwa na shamba," alisema. "Watu walimfuata baba yake na karatasi, wakasema ni orodha ya mbolea ya ruzuku. Hajui kusoma. Akaweka dole. Mvua zilipoanza tukakuta mtu mwingine anapanda mahindi, ana hati ya kuuziwa. Ndipo tukahamia huku. Nyumba hii, dole haligusi karatasi mpaka Odilia aisome yote. Yeye ndiye macho yetu, mwalimu. Sasa macho yenyewe yanasema shule basi."

Odilia alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Sare yake ilikuwa kwenye beseni kavu, haijaguswa.

"Odilia, kosa ni langu," Brighton alisema. "Jumatatu nitawaambia dole lilikuwa langu."

"Mbele ya wote?"

"Mbele ya wote. Na wino nitauweka wakiniona."

Odilia akafikiri. Akachukua ndoo, akamimina maji kwenye beseni, akaanza kusugua kola ya shati. Brighton akashusha pumzi. Angenyamaza hapo, angeondoka na heshima kidogo. Lakini mdomo wake haukuzoea kubeba lawama bila kumgawia mwenzake.

"Ila na wewe, mwanangu, ungenieleza. Darasa zima wametoa vidole, unakataa peke yako, watu wafikirie nini?"

Mama akasimamisha ungo. Odilia hakuinua kichwa.

"Sikuwa peke yangu, mwalimu. Tulikuwa wawili tusioweka dole. Mimi nilikataa. Wewe hukuombwa."