Mwiko wa Bibi Ketura

Watu wa Bwera walimsifu Bibi Ketura kwa upendo, na mimi siwapingi. Alitupenda mpaka akatulemaza.

Nilipotoroka kwa mume, nikiwa na mfuko mmoja wa nguo na pengo jipya la jino, Bibi hakuniuliza kitu. Alinitazama tu mdomoni.

"Jino ibaki kule, Night," akasema. "Wewe kula."

Nikala. Sote tulikula. Ila kupika, thubutu. Bundu, ugali wetu wa muhogo, alilisonga mwenyewe siku zote. Nyumbani kwetu mwiko ulikuwa mwiko kweli. Ukiugusa tu, unasikia, "Toka, mutoto. Utaniharibia unga." Shangazi Enid, mwalimu mzima wa sekondari Kasese, mwenye watoto wenye ndevu, naye alikuwa mutoto. Nasi tukatii. Watoto wema ajabu, tukaketi mkekani kusubiri sahani.

Misibani ndiko alikotawala. Munkunyu, Kitswamba, popote palipowekwa matanga, Bibi alikuwa nyuma ya nyumba anasonga. Mwaka ule mto Nyamwamba ulipofurika Kilembe, alipanda boda na sufuria lake kichwani. Waliomwona njiani walidhani ni askari anakwenda vitani. Ukimwuliza kwa nini anajisumbua, anajibu, "Mutu akitoka kwa matanga na njaa, atasema marehemu alikuwa muchoyo."

Basi akafa. Akachagua Jumanne, siku ya soko la Mpondwe, ili habari ziwakute watu sokoni, asimpotezee mtu safari. Siku ya kumzika, uwanja ulijaa mpaka kwenye migomba.

Jirani yake Rusi, rafiki yake wa tangu usichana, alikuja amejifunga kitenge kiunoni, tayari kwa kazi. Shangazi Enid akamzuia.

"Hapana, mama. Watu watasema watoto wa Ketura hawajui kusonga bundu?"

Rusi akamtazama, kisha akatutazama sisi wengine. "Sawa," akasema. "Kumbe nilikuja kulia tu." Akaenda kuketi.

Tukabaki tumelizunguka sufuria kama watu wanaotazama ajali. Maji yalikuwa yanatokota.

"Unaanza kukoroga kabla ya unga wote kuingia, au baada?" Shangazi akaninong'oneza.

"Mwalimu ni wewe, Shangazi."

"Nafundisha jiografia."

Mimi dunia imenifunza mengi, mengine kwa ngumi, lakini somo hilo ililiruka. Nikawaza tu kwamba watu wale wote wakirudi makwao na njaa, jina la Bibi litakwenda nao. Aliyewalisha wafiwa wa wilaya nzima angezikwa kama mchoyo.

Hapo akatokea baba mkubwa Mumbere, sajini wa jeshi, ambaye hata mkewe humwita Afande. Aliona wanawake wamesimama bila amri, akasikitika.

"Wewe, shika sufuria. Wewe, mwaga unga. Yote."

"Yote kwa mara moja, Afande?"

"Unataka nikuandikie?"

Tukamwaga gunia zima. Wingu jeupe likatufunika. Lilipotulia, mwiko ulikuwa umesimama wima katikati ya sufuria, peke yake, kama mlingoti wa bendera. Afande nusura apige saluti.

"Koroga."

"Afande, haikorogeki."

"Hiyo ni amri."

Tukakoroga, wanne kwa zamu, jasho likiongeza maji. Kilichotoka kilikuwa na mabonge kama mayai, na ndani ya kila bonge unga mkavu. Tukapakua hivyo hivyo, na maharage, na aibu.

Watu wa kwetu ni waungwana: walitafuna wakitazama milima. Nilimpelekea Rusi sahani yake mimi mwenyewe. Akamega tonge, akaliminya, likapasuka, unga ukapeperuka mpaka kwenye kilemba chake.

"Hii nani alipika?"

"Sisi," nikasema. "Watoto wake."

Nikasubiri tusi. Nilikuwa nimelistahili na jibu nilikuwa nalo. Lakini Rusi alilitazama tu lile tonge.

"Asubuhi walinionyesha sanduku," akasema. "Sikuamini. Nikasema, Ketura iko nyuma ya nyumba anapika, anatuchezea tu." Akaupangusa unga kilembani. "Sasa nimeamini. Amekufa kweli."

Akalia. Wanawake wa karibu yake wakampokea, na kilio kikaenda kikizunguka uwanja, kila mmoja na tonge lake mkononi. Afande akavua kofia. Shangazi Enid akaketi chini kwenye vumbi na gauni lake la Kasese.

Rusi alipomaliza, alifuta macho kwa ncha ya kitenge, akala bonge lote, unga na vyote, kisha akaninyooshea sahani.

"Ongeza."

"Mama Rusi, si lazima."

"Ongeza, mutoto. Hakuna mutu atatoka hapa na njaa."

Wengine nao wakaanza kunyoosha sahani. Nikarudi nyuma ya nyumba, nikaushika mwiko kwa mikono miwili. Nikangoja kidogo, kwa mazoea.

Hakuna aliyeniambia nitoke.