Aliugua kwa Muda Mfupi

Mjomba aliingia dukani na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akaitikia shikamoo ya mpwa wake bila kumtazama usoni. Binti huyu ndiye mchapaji wa pale. Barua za maombi, mitihani ya shule, wasifu wa marehemu wa mtaa mzima, vyote hupita mikononi mwake. Leo ilikuwa zamu ya bibi yake mwenyewe, mama mzazi wa Mjomba, aliyekuwa azikwe saa kumi.

Akachapa. Alizaliwa, akaolewa, akajaaliwa watoto watano, wanne wako hai; aliyetangulia ndiye mama yake binti huyu. Vidole vilikwenda mbio mpaka vilipofika kwenye "aliugua kwa muda mfupi", vikagoma.

"Mjomba, muda mfupi upi?"

"Si ndivyo inavyoandikwa?"

"Miezi kumi na moja, Mjomba."

"Wewe mtoto, chapa. Watu hawaji msibani kuhesabu miezi. Toa nakala mia, nitazipitia saa tisa." Akatoka, simu sikioni.

Muda mfupi! Miezi kumi na moja binti wa watu alimgeuza bibi yake kila baada ya saa mbili, kwa sababu mgongo ulishaanza kuchubuka. Alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akampaka mafuta visiginoni huku wakicheka, maana Bibi, hata sauti ilipobaki ya kunong'ona, hakuacha kumsema mtu. "Huyo mwanangu akija," alisema, "mwambie avue viatu, hapa si stendi." Mwanawe mwenyewe alikuja mara mbili. Watoto wanne wazima, wenye miguu yao, jamani! Walituma salamu, tena nyingi, kana kwamba salamu humgeuza mgonjwa kitandani.

Hasira ilimpanda. Akaifuta sentensi ile, akaandika zake, akatoa nakala mia moja. Saa tisa Mjomba alizipokea, akatazama picha ya mama yake juu ya ukurasa, akasema imetoka vizuri, akaondoka nazo.

Makaburini zikagawiwa, naye akasimama kusoma kwa sauti yake ya mikutanoni. "'Aliugua kwa miezi kumi na moja. Kila alipogeuzwa, aliomba arudishwe ubavu wa kulia, ili auone mlango. Mwanawe wa kwanza alikuja mara mbili, na mara ya...'"

Waombolezaji wakainamia nakala zao.

"Hapa mchapaji kakosea," alisema, akaanza kuikunja karatasi.

"Sijakosea!" Binti alipenya katikati ya mama zake wadogo, akampokonya. "'Na mara ya pili hakukaa. Wengine watatu hawakuja. Alipoulizia, aliambiwa wana kazi nyingi.'"

"Mtoto huyu hana adabu hata chembe," mama mdogo mmoja aling'aka.

"Sina, Mama Mdogo. Ningeipata wapi, na nyinyi hamkuwepo kunifunza?"

Mtu aliguna nyuma. Binti hakujali, hasira ilikuwa imemsimamisha wima, na kwa mara ya kwanza tangu Bibi akate roho hakuhisi kulia. Ikabaki sentensi moja, ambayo asubuhi ile aliifuta mara tatu na kuiandika mara nne. Mjomba, aliyeazima nakala ya jirani, alikuwa ameshaifikia. Uso ukamlegea.

"Ishia hapo, mama," alimwambia taratibu. "Inatosha."

Huruma yake ndiyo iliyomuudhi kuliko yote. Angeipeleka kule kitandani, miezi yote ile! Akainua karatasi karibu na macho, akasoma kwa sauti ileile aliyowasomea wao.

"'Mjukuu aliyemuuguza alimwambia siku moja: Bibi, si ufe tu tupumzike. Bibi akamjibu: Nisamehe, mjukuu wangu, nami najitahidi.'"